Nishani ya Kuku

Afisa wa itifaki alinikuta na pini mdomoni, na hilo ndilo lililomwokoa. Angenikuta na mdomo mtupu, angetoka kwangu na kofia yake mkononi akitafuta mlango.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yangu: cherehani dirishani penye mwanga, meza ya kukatia katikati, na kamba ya ukutani ninapotundika sare zinazosubiri wenyewe. Nashona sare za jeshi, na nimezishona kwa muda mrefu kiasi cha kujua nani kapandishwa cheo kwa kupima kiuno chake tu. Mume wangu alikuwa rubani wa ndege za kivita. Siku hizi amestaafu, ananipigia pasi mishono na kubishana na redio, na kazi zote mbili anazifanya kwa bidii.

Afisa alikuwa kijana nadhifu, mkunjo wa suruali yake ungekata nyanya. Alisimama wima mbele ya mume wangu aliyekuwa na pasi mkononi.

“Hongera, mzee. Umetunukiwa Nishani ya Ushujaa wa Angani. Mkuu wa Majeshi atakuvisha mwenyewe, uwanjani, mbele ya gwaride.”

Mume wangu aliweka pasi chini. “Gwaride kamili?”

“Kamili, mzee. Vikosi vyote vitakuwepo.”

“Wamepanga mstari?”

Kijana alicheka kidogo. “Gwaride gani lisilo na mstari, mzee?”

Mume wangu akaitikia kwa kichwa, na nikaona amefurahi. Nilidhani amefurahia nishani.

Kijana akaendelea na maelekezo yake. Sare mpya ishonwe, na mimi ndiye niishone kwa kuwa nipo. Kifua cha koti kiwe kitupu kabisa, kwa sababu nishani hiyo ni ya shingoni, inaning'inia kwa utepe. Familia itapewa viti vya mbele. Halafu macho yake yakashuka kwenye mfuko wa shati la mume wangu, yakakwama hapo.

“Na hicho, mzee, kitabaki nyumbani. Kwenye sare zinavaliwa nishani zinazotambuliwa tu.”

“Basi na mimi nitabaki nacho,” mume wangu alisema, akachukua pasi yake.

Mimi nikasema “Mmh” kupitia pini, kwa maana ya kwamba ngojeni kwanza nyote wawili. Kijana alidhani nimemuunga mkono. Akapiga saluti, akaondoka.

Hicho kilichomkera ni kifuniko cha kopo la maziwa. Kimekatwa duara, upana wake kama mdomo wa kikombe kidogo, kimesuguliwa kwenye sakafu ya saruji hadi kingo zikawa laini, na juu yake kachorwa kuku kwa ncha ya msumari. Ni kuku mnene, mabawa mafupi, anaangalia pembeni kama aliyeudhiwa. Kitu hicho kinaitwa Nishani ya Kuku. Ilitengenezwa katika kambi ya mateka, walikofungwa wanaanga waliotunguliwa, watu ambao jana walikuwa mawinguni na leo wanahesabiwa uani kila asubuhi. Wenyewe walijiita kuku: mabawa wanayo, lakini safari yao haivuki ua. Mtu akiwa na njaa na bado anajicheka, huyo hajashindwa.

Kambi ile ilikuwa na shimo. Mateka aliyekataa kusema alichotakiwa kusema alishushwa humo, bati likafunikwa juu. Akitolewa bila kusema, wenzake walimvisha Nishani ya Kuku asubuhi, kwenye mstari wa kuhesabiwa, mbele ya walinzi waliodhani ni upuuzi. Nishani ilikuwa moja tu, na ilikuwa na sheria zake. Haivuliwi ila kwa kumvisha mwingine. Na haivishwi chumbani. Inavishwa mstarini, watu wakiwa wamesimama, wakiona.

Aliyeitengeneza walimwita Fundi Redio. Yeye ndiye aliyemvisha mume wangu siku alipotolewa shimoni, mwenyewe akiwa anatetemeka kwa homa, na homa ile ndiyo iliyomchukua. Baada ya hapo hakuna aliyeshushwa tena. Vita viliisha, milango ikafunguliwa, mstari ukavunjika, na mume wangu akarudi nyumbani na kuku kifuani bila mtu wa kumkabidhi. Tangu hapo amemvaa kila siku ya Mungu. Akibadilisha shati humshika mkononi, na ole wako umsemeshe wakati huo. Hana shati lisilo na matundu mawili juu ya mfuko. Nimeyaziba, nimechoka, nimeacha.

Alichokataa kusema ni hiki. Walimpa karatasi aisome redioni, kwamba amejisalimisha kwa hiari yake, yeye na ndege yake, na anawaita wenzake wamfuate. Alikataa, akashushwa shimoni. Redio ya adui ikaisoma karatasi ile ile kwa sauti ya mtu mwingine na jina la mume wangu.

Shemeji aliisikia. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kustaafu kusahihisha watu. Alikuja kwangu jioni ile ile.

“Ni sauti yake,” alisema. “Nimekua naye, siwezi kuikosea.”

Nikamwambia si yeye. Akaniambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha akarudi nyumbani kwa baba yao, ambako anaishi hadi leo, akaishusha picha ya mume wangu ukutani sebuleni: ile aliyopigwa amesimama kwenye ngazi ya ndege, kofia kwapani, anaucheka ulimwengu. Msumari aliuacha. Kila nilipokwenda kusalimia niliukuta msumari mtupu, na baba mkwe ameketi chini yake bila kuinua macho. Alifariki ameketi hivyo.

Jeshi nalo lilikuja na lake. Likasema hakuna dalili kwamba mume wangu amepona, nikubali tu kuwa mimi ni mjane. Kwa jeshi alikuwa marehemu, kwa shemeji alikuwa msaliti. Mimi nilikataa yote mawili. Niliendelea kumwita mume wangu, na kila nilipobakiwa na kitambaa kizuri nilimshonea shati nikalitundika pale kwenye kamba. Wateja wakiuliza la nani, nawaambia la mwenyewe, yuko safarini.

Alirudi amekonda, lakini maneno yalikuwa yameshaota mizizi. Shemeji alimpa mkono, picha hakuirudisha. Hata majuzi mkuu wa kambi ile ya mateka, naye sasa mzee wa kutembelea fimbo, aliposimama mbele ya tume ya nchi zote mbili akasema kwamba sauti ile ilikuwa ya askari wake, shemeji hakutikisika. “Ushahidi wa adui huo,” alisema. “Jeshi letu limesema nini?”

Sasa jeshi letu lilikuwa linakwenda kusema, tena kwa kipaza sauti. Nilitaka jambo moja tu: shemeji aketi kiti cha mbele, asikie, kisha arudi akaitundike picha ile kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo sikuwa tayari kuikosa kwa ajili ya kifuniko cha kopo.

“Usiniletee ukaidi, rubani,” nilimwambia, nilipokwisha kutema pini.

“Si ukaidi, fundi. Ni sheria.”

“Sheria ya kuku.”

“Sheria ni sheria. Aliyenivisha aliniangalia machoni.”

“Na kaka yako je? Usipokwenda atasema ulijijua mwenyewe kwamba hustahili. Nitamjibu nini?”

“Mimi kaka nimeshamsamehe.”

“Mimi bado,” nilisema. “Mnasamehe haraka nyie mliokuwa mbali.”

Neno hilo lilimwingia. Alitazama sakafu, na mimi nikaona haya, kwa hiyo nikashika kazi. Koti la sare lilikuwa mezani, halijatiwa mikono, bitana imebanwa kwa pini. Nikaliangalia nje, nikaligeuza, nikaliangalia ndani. Afisa alisema kifua cha koti kiwe kitupu. Kuhusu ndani ya koti hakusema kitu.

“Nitamshona hapa,” nilisema. “Kati ya koti na bitana, upande wa moyo. Utakuwa umemvaa, na kijana wa watu hatamwona.”

Mume wangu alilishika koti, akapapasa pale nilipomwonyesha. “Na akitakiwa kutoka?”

“Atoke aende wapi?”

“Nauliza tu.” Akafikiri. “Shona. Ila usikaze sana, fundi.”

“Mimi sishoni legelege.”

Asubuhi ya sherehe alisimama karibu na cherehani na kuku mkononi, nikamchukua kutoka mkononi kwake nikamtia moja kwa moja ndani ya koti, asipate hata nafasi ya kulalamika. Nilitumia uzi wa vifungo, tena mara mbili. Nikaupitisha kwenye matundu ya kuku, nikamzungushia mshono pembeni, nikafunga fundo, nikafunga jingine juu yake kwa sababu sijipendi nikiwa na shaka. Alipovaa, huwezi kujua. Kifua kilikaa sawa kama ukuta.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema, akijipapasa. Nilimwambia aache kujishika mbele za watu.

Langoni mwa uwanja walinzi walinipekua mkoba wakatoa mkasi wangu.

“Mama, mkasi hauingii.”

“Mimi ni fundi cherehani.”

“Hata ungekuwa fundi wa mizinga, mama. Utaukuta hapa.”

Niliwaachia. Pini zangu zilizokuwa chini ya ukosi hawakuziona, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezisahau. Ziko hapo siku zote, kama meno.

Shemeji alikuwa ameshaketi, suti nyeusi, miwani ya jua. Alinisalimia kwa heshima nikamwitikia kwa heshima, na heshima zote mbili zilihitaji pasi. Mbele yetu vikosi vilikuwa vimejipanga mstari nyuma ya mstari, vimesimama mguu pande, na hakuna kofia iliyopanda juu ya mwenzake. Mume wangu akatembea peke yake kutoka ukingoni hadi kwenye jukwaa dogo. Goti lake lililoumia alipotua kwa parachuti humsumbua, lakini siku ile lilijua liko wapi. Koti lilimkaa. Nasema hivyo kama fundi, na kama mke nasema pia.

Kipaza sauti kikaanza kusoma. Kikasema alivyorudi mara ya pili juu ya mizinga ya adui ili askari wetu waliozingirwa bondeni wapate nafasi ya kutoka, na alivyotunguliwa wakati askari wa mwisho akivuka. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua nusu tu. Mtu huyu huniambia habari za redio, zake hasemi. Kisha kikafika pale.

“Akiwa mateka, alikataa kusoma tamko la adui. Sauti iliyosikika redioni haikuwa yake. Alifungiwa shimoni, akatolewa bila kutamka neno alilotakiwa.”

“Haikuwa yake,” nilimwambia shemeji, kana kwamba yeye hana masikio.

“Nimesikia,” alisema. Alivua miwani, akaishika mapajani kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kufurahia uso wake wakati huo, na kweli nilifurahi, lakini alianza kuifuta miwani isiyo na vumbi, na furaha yangu ikapungua kidogo. Sikuipenda ipungue.

Mkuu wa Majeshi, Jenerali mwenyewe, akamvika mume wangu utepe shingoni. Uwanja ukapiga makofi, na mimi nikapumua. Nilidhani tumemaliza salama, mimi na mume wangu na kuku wetu. Hapo ndipo nikamwona yule afisa wa itifaki anapanda jukwaani na nishani nyingine kwenye kisahani.

“Na sasa,” kipaza sauti kilisema, “kwa mara ya kwanza katika historia ya jeshi letu, Medali ya Mateka wa Vita.”

Medali yenyewe ilikuwa ndogo, na ilikuwa na sindano nyuma. Ya kifuani. Kijana yule baadaye aliniapia kwamba jambo hilo liliamuliwa jana yake, na kwamba walitaka kutushangaza. Walifaulu.

Jenerali alishika koti upande wa moyo, akasukuma. Sindano ikagoma. Akasukuma tena, na kutoka kitini nikaona mume wangu anayumba nyuma hatua moja kisha anarudi mbele kwa adabu.

“Koti gani hili,” Jenerali alinong'ona. Kipaza sauti kilikuwa karibu na kidevu chake, na uwanja mzima ukasikia.

Akajaribu mara ya tatu. Akaiinua medali akaiangalia. Sindano ilikuwa imepinda kama ndoano.

“Umevaa nini humu ndani, Kapteni?”

“Kuku, afande.”

Kicheko kilipita majukwaani. Askari wa gwaride hawaruhusiwi kucheka, lakini nilikuwa nawaona mabega. Afisa wa itifaki alikuwa na sura ya mtu anayetamani kuitwa mahali pengine.

“Sijakuelewa, Kapteni.”

“Amezibwa na bitana, afande. Kashonewa ndani.”

“Na nani?”

“Mke wangu, afande. Ni fundi.”

“Yuko wapi huyo fundi?”

Watu wote wakageuka kunitafuta. Nikajishikilia kitini. Aliyenishika kiwiko akanisimamisha alikuwa shemeji. “Nenda,” alisema kwa sauti ya chini, na akasogeza miguu yake nipite.

Nilitembea uwanja ule mbele ya jeshi zima na mkoba kwapani. Mume wangu alikuwa ameshafungua vifungo vya koti. Nikapanda, nikamsalimia Jenerali, nikatia mkono mkobani, na mkono ukakuta kitambaa cha kufutia jasho na funguo za nyumba. Mkasi ulikuwa langoni.

“Mna kitu cha kukatia?” niliuliza.

Jenerali akamtazama afisa. Afisa akatazama huku na huku. “Kuna upanga wa kamanda wa gwaride, afande.”

“Kijana,” nilimwambia, “upanga haukati uzi. Unakata koti.”

Basi nikafanya wanavyofanya mafundi wote duniani mkasi ukiwa mbali. Nikageuza ukingo wa koti, nikainama kifuani kwa mume wangu, nikatia meno. Uzi wa vifungo, mara mbili, fundo juu ya fundo. Nilitafuna kazi yangu mwenyewe na kujilaani kwa kuwa fundi mzuri.

“Nilikuambia usikaze,” alininong'oneza juu ya kichwa changu, na uwanja mzima ukasikia hilo nalo. Kina mama majukwaani wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimekasirika, naona haya, na ninacheka, yote pamoja, na uzi umenikwama kwenye meno.

Fundo la mwisho likaachia. Kuku akaanguka kwenye kiganja cha mume wangu, ambacho kilikuwa kinamsubiri.

Jenerali aliomba kumwona. Mume wangu alimwonyesha bila kumwachia, na kwa maneno machache akamweleza: shimo, mstari, Fundi Redio. Jenerali alikuwa mtu mzima, mwenye nishani zake safu nne, lakini aliinama kukitazama kile kifuniko kama anayesoma.

“Hii ni ya makumbusho ya jeshi, Kapteni,” alisema mwisho.

“Haiwezekani, afande. Haivuliwi ila kwa kumvisha mwingine.”

“Lakini umeshaivua.”

“Nimeivua, afande. Naomba gwaride lisimame wima.”

Sijawahi kusikia kapteni mstaafu akimwomba jenerali kitu cha namna hiyo, na nadhani Jenerali naye hakuwahi. Alimtazama mume wangu, akamtazama kuku. Kisha akamgeukia kamanda wa gwaride akatikisa kichwa kukubali.

“Gwaride,” kamanda alipaza sauti. “Mguu sawa.”

Buti zote zikapiga ardhi kwa pamoja. Mume wangu akanigeukia, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliuliza habari ya mstari, na kwa nini hakutaka nikaze. Alikuwa amengoja gwaride miaka yote hiyo. Hakulingoja kwa ajili yake.

“Huyu,” alisema, na safari hii alisogea mwenyewe kwenye kipaza sauti, “walimwambia aseme nimekufa. Hakusema. Wakamwambia aseme nimeiuza nchi. Hakusema. Mimi shimoni nilikuwa na mlinzi na bati juu ya kichwa, nisingeweza kutoka hata ningetaka. Yeye mlango wake ulikuwa wazi. Angesema neno moja tu angepumzika, watu wangemhurumia, maisha yangeendelea. Alikaa humo hadi niliporudi, na hakuna aliyemvisha kitu.”

Akanyoosha mkono wenye kuku kuelekea ukosi wangu, akasita. “Sina pini,” aliniambia.

Nikageuza ukosi. Nilikuwa nazo, zimepangwa pale kama kawaida. Nikampa mbili.

Alinivisha kwa mikono ya mtu anayepiga pasi mishono kila siku, bila kunichoma. Nililia. Sikulia kwa staha ya kufuta jicho kwa ncha ya kitambaa. Nililia kwa sauti, mbele ya vikosi vyote, na sioni haya kusema hivyo. Miaka ile nilikuwa nimejizoesha kutolia mbele ya mtu, maana nikilia watasema nimekubali. Jenerali alipiga saluti. Sikujua saluti ni yangu hadi nilipotazama nyuma nikaona hakuna mwingine.

Baada ya hapo akakumbuka medali yake iliyopinda. Nikamwomba anipe. Nikainyoosha sindano kwa meno, kwa kuwa siku ile meno ndiyo yalikuwa na kazi, nikalivuta koti la mume wangu likae sawa, nikamshikia Jenerali kitambaa. Safari hii iliingia.

Tuliporudi vitini shemeji alikuwa bado amesimama. Watu walikuwa wanampongeza kwa kuwa ni kaka wa shujaa, naye anawaitikia bila kuwaangalia. Alimwendea mume wangu, akashindwa kuanza, akanigeukia mimi.

“Nilisema ni sauti yake,” alisema.

“Ulisema.”

“Nilikosea, shemeji. Nimewakosea nyote wawili.”

Sikumsaidia. Nilimwacha asimame ndani ya maneno yake. Akamtazama kuku kwenye ukosi wangu, akanyoosha kidole kama anayetaka kumgusa.

“Huyu havuliwi ila kwa kumvisha mwingine, shemeji,” nilimwambia. “Na wewe shimoni bado hujaingia.”

Mume wangu alikohoa. Namjua anavyokohoa akificha kicheko. Shemeji akarudisha kidole, akainamisha kichwa, na nikaona naye midomo inamcheza.

“Picha iko wapi?” nikamuuliza.

“Chini ya kitanda changu. Sikuitupa. Niliifunga kwenye shuka.”

“Basi twende sasa hivi. Msumari upo.”

Hatukupita hata nyumbani kubadilisha nguo. Kwenye sebule ya baba mkwe shemeji alivua koti la suti, akaifungua picha kutoka kwenye shuka, akaifuta kioo kwa kiwiko cha shati lake jeupe. Kijana kwenye ngazi ya ndege alikuwa bado anaucheka ulimwengu. Shemeji akapanda juu ya stuli. Stuli ile mguu mmoja ni mfupi, ikayumba, na mume wangu akaenda akapiga lile goti lake bovu chini, akaishika kwa mikono miwili ili kaka yake asianguke.

“Baba aliniuliza siku moja kama nina hakika,” shemeji alisema akiwa ametugeuzia mgongo, uso ukutani. “Nikamwambia ninayo.”

 Mume wangu aliendelea kushika stuli.

Kamba ya picha ikaingia kwenye msumari. Ilikaa sawa mara ya kwanza, imenyooka, huwezi kuitoa kasoro, na mimi macho yangu ni ya kazi.

“Kulia kidogo,” nilisema.

Akaisogeza kulia.

“Umezidisha. Kushoto.”

Akaisogeza kushoto, jasho linamtoka shingoni. Mume wangu aliniangalia kutoka chini, akaelewa, akainamisha kichwa na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikavuta kiti cha baba mkwe, nikaketi na kuku wangu kifuani, nikamwambia shemeji aiinue tena.